Risasi Utaipata Wapi?

Kwa mtu aliyekulia Tabora, misitu ya Luapula, Zambia, haimshangazi. Ni miombo ileile, mininga na mitundu, na vumbi lilelile jekundu linalong'ang'ania viatu. Kinachoshangaza ni wingi wa watu. Barabara ikishashuka kutoka Kawambwa na kuingia bonde la Mto Luapula, nyumba hazikatiki. Kijiji kinakupokeza kwa kijiji kingine, na kando yote ya lami umeanikwa muhogo uliolowekwa, mweupe kama chokaa, ukisambaza ile harufu yake ya uchachu. Kwetu muhogo ni chakula cha mwaka mbaya. Huku ndio chakula chenyewe, na ubwali wa unga wake ni laini na unavutika kuliko ugali wowote nilioula Unyamwezi.

Nilipita Mwansabombwe kabla ya msimu wa Mutomboko, ngoma kubwa ya Walunda ya mwisho wa Julai, lakini kila niliyezungumza naye alinisimulia jinsi mfalme wao, Mwata Kazembe, anavyoicheza akiwa na shoka na upanga mikononi. Habari hiyo ilinikaa kichwani safari nzima. Ufalme huu ulikuwa soko la bunduki kabla Mwingereza yeyote hajaweka boma hapa. Misafara ya Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi ilikuja kutafuta shaba, pembe na watumwa, ikilipa kwa nguo na baruti. David Livingstone alipofika kwa Kazembe Novemba 1867 alimkuta mfanyabiashara wa Kiarabu, Mohamed bin Saleh, ambaye alikuwa amezuiliwa huko kwa miaka mingi. Mwaka huohuo, mashariki ya Ziwa Mweru katika nchi ya Itabwa, Tippu Tip alipigana na Nsama, chifu aliyekuwa akiogopwa na misafara yote, na bunduki chache zikawashinda wapiga mishale wengi. Pamoja na historia hiyo yote ya baruti, mfalme anapocheza mbele ya watu wake hashiki bunduki.

Ziwa lenyewe unalinusa kabla hujaliona. Kashikishi, mji uliounganika na Nchelenge, unaishi kwa chisense, visamaki vidogo vya fedha vinavyovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana juu ya mchanga. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane, na katika miezi hiyo, aliniambia mama mmoja aliyekuwa akipima chisense kwa kopo, hata salamu za sokoni hupungua. Alinikaribisha kwa pale, samaki wa jamii ya sato wa ziwa hili, aliyechemshwa na nyanya tu bila makeke. Maji ya kunawa yalinifikia mimi mgeni kwanza, kisha mzee wa nyumba, kisha wengine. Hapo sikuona tofauti yoyote na nyumbani.

Mzee wa nyumba hiyo ndiye aliyenifanya niandike makala haya. Kiswahili chake kilikuwa cha Lubumbashi, kwa kuwa baba yake alivuka kwenda migodi ya Katanga kama walivyofanya wanaume wengi wa Luapula, naye akazaliwa huko. Nilipomwamkia shikamoo alinijibu kwa kicheko na kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Mjukuu wake, kijana anayenunua chisense kwa wavuvi na kulima muhogo upande wa bara, alimwita bashikulu, babu, nami nikafuata. Tukazungumza juu ya nguruwe mwitu. Wanashuka usiku, wanafukua shamba la muhogo, na kazi ya mwaka mzima inaliwa kabla jogoo hajawika. Ndipo mzee akaingia ndani na kutoka na gobore.

Tabora nimeyaona magobore mengi, mengine yakiwa vigae tu vya chuma. Hili lilikuwa limetunzwa. Mtutu wake mrefu ulipakwa mafuta, kitako kilichopasuka kilifungwa kwa waya wa shaba uliopangwa kwa ustadi, na mdeki ulikaa sawasawa chini ya mtutu. Pamoja nalo alileta kitabu cha kibali, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na alinionyesha kitabu kwanza, gobore baadaye. Baba yake alilinunua kwa mshahara wa mgodini. Serikali ya kikoloni ya Northern Rhodesia iliweza kumpa Mwafrika kibali cha gobore. Raifo ilikuwa habari nyingine, ya Wazungu na watu wachache mno.

Kijana alingoja mzee amalize, kisha akatoa simu yake. Alikuwa na picha ya bunduki anayoitaka. Fupi, ya mbao na chuma, na chini ya kifyatuo kulikuwa na wenzo wenye tundu la kuingiza vidole. Unausukuma mbele, ganda tupu linaruka nje. Unaurudisha, risasi nyingine imeingia. Wengi wetu tumeiona mikononi mwa wapanda farasi wa sinema za Marekani. Aliyokuwa ameichagua ni Rossi ya Brazili, inayofuata muundo wa Winchester ya 1892 uliobuniwa na John Browning, katika kipenyo cha .357 Magnum, ambacho asili yake ni risasi ya bastola.

Nilimwuliza kwa nini hiyo. Alikuwa na majibu, tena majibu ya mtu aliyelala na jambo lake. Marlin na Henry za Marekani ni nzuri lakini bei yake ni ya juu. Winchester za siku hizi za muundo huo zinatengenezwa Japani, nazo ni ghali zaidi. Rossi ndiyo anayoweza kuifikia akiuza muhogo wa misimu miwili. Kisha risasi yenyewe: ni ndogo, hairudishi bega nyuma kwa kishindo, na bunduki ya .357 inakubali pia .38 Special, ambayo ni dhaifu na kwa kawaida bei yake ni nafuu zaidi, inayofaa kujifunzia shabaha. Risasi ya bastola ikipita kwenye mtutu mrefu hupata mwendo mkubwa kuliko inavyopata kwenye bastola. Haifiki mbali, mita mia moja hivi na nguvu yake imeanza kuchoka, lakini katika muhogo uliofunga nani anaona mita mia? Na bunduki hiyo ni bapa, nyepesi, inalala kwenye mtumbwi bila kumsumbua mpiga kasia.

Nilimsikiliza kwa furaha, maana si kila siku unakutana na mtu anayejua hasa anachotaka na sababu zake. Mzee alisikiliza pia. Alipoona mjukuu amemaliza alisema kwa upole, "Ile bunduki njo mzuri, nimeona. Lakini risasi yake utapata wapi?"

Kijana alisema Lusaka. Mzee akatazama ziwa.

Swali hilo ni la zamani kuliko mzee mwenyewe. Mwanzoni mwa 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa akifunga mizigo Bagamoyo kwa safari ya kumtafuta Livingstone, alikuwa na bunduki mbili za risasi kumi na sita kila moja, Winchester na Henry. Hizo ndizo mababu wa Rossi ya kijana wa Kashikishi: wenzo uleule chini ya kifyatuo, na risasi fupi ya .44 yenye nguvu ndogo, ambayo Wamarekani waliitumia pia kwenye bastola. Kwa ajili ya watu wa msafara alinunua bunduki ishirini na nne za gumegume, za kushindilia mdomoni na kuwashwa kwa cheche za jiwe. Msomaji wa leo anaweza kuona ni ubahili au dharau, na huenda vyote vilikuwemo. Ila kulikuwa na hesabu pia. Winchester ikiishiwa risasi zake katikati ya Ugogo inageuka rungu. Gumegume inakula baruti yoyote inayouzwa na msafara wowote, na mbele ya baruti unaweka risasi ya kusubu, kipande cha chuma, hata kokoto. Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora mwaka huohuo, Stanley akiwa upande wa Waarabu, wengi wa wapiganaji wa pande zote walikuwa na bunduki za aina hiyo, na Tabora iliungua kwa bunduki hizohizo.

Miaka kumi na sita baadaye Stanley alipita tena Zanzibar akielekea kumwokoa Emin Pasha. Safari hii msafara ulikuwa na Remington zaidi ya mia tano na Winchester hamsini. Tippu Tip alipanda naye meli ya Madura Februari 1887. Kati ya safari hizo mbili, bunduki za kisasa zilikuwa zimeanza kumiminika Afrika ya kati, na mataifa ya Ulaya yaliona hatari kwao wenyewe. Julai 1890 yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya utumwa ulizuia kuingiza bunduki za mtutu wenye mikato na risasi zake katika eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Zilizoachwa ziendelee kuuzwa ni gumegume zisizo na mikato, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Ukisoma kifungu hicho ukiwa umekaa kwenye kigoda Kashikishi, gobore la mzee linaeleweka. Tumezoea kusema watu wetu walibaki na gobore kwa sababu ya umaskini au kutojua. Mimi sikubali tena. Walichaguliwa bunduki mezani, mbali, na watu waliojua vizuri tofauti kati ya silaha inayoweza kukabili jeshi na silaha inayoweza kuua paa. Kisha watu wakafanya vizuri kwa kile walichoachiwa. Mwanahistoria Giacomo Macola, katika kitabu chake cha 2016 juu ya bunduki Afrika ya kati, ameonyesha jinsi jamii za eneo hili, wakiwemo Wayeke wa Msiri, zilivyoifanya bunduki kuwa yao, kila moja kwa mahitaji yake. Msiri mwenyewe alitoka upande wetu wa Unyamwezi, akajenga dola Bunkeya kwa pembe, shaba na baruti, na akauawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, waliokuja kwa niaba ya Mfalme Leopold. Kazembe naye aliona mwisho wa hesabu hiyo mwaka 1899, Alfred Sharpe na Robert Codrington walipoleta askari na kuuchoma mji wake. Sharpe huyo alikuwa mwindaji mashuhuri wa tembo katika nchi hizi. Wakati Mwafrika wa Mweru akitafuta baruti ya kufukuza nguruwe, yeye alikuwa na raifo na risasi za kutosha.

Nilivuka kwenda kisiwa cha Kilwa kwa boti ya mbao iliyojaa magunia ya unga na vizimba vya kuku. Kisiwa kipo karibu zaidi na Kongo kuliko na Nchelenge, lakini mpaka uliokubaliwa 1894 uliacha kiwe upande wa Waingereza, na hivyo leo ni Zambia. Ng'ambo yake, kwenye ufuo wa Kongo, upo mji unaoitwa pia Kilwa, na watu wa pande mbili wanavushiana samaki, sabuni, mafuta na wachumba. Mwishoni mwa karne ya 19 mfanyabiashara mmoja wa misafara, Simba, aliweka makao yake kisiwani pamoja na bunduki zake, kwa kuwa maji yalimlinda kuliko boma lolote. Nilitembea nikitafuta dalili yoyote ya wakati huo, sikuiona. Niliona nyavu, watoto wenye sare za shule, na wanawake wakigeuza chisense kwa fagio. Mzee mmoja kisiwani aliniuliza kama Kilwa ya kwetu Tanzania ina samaki. Nilimweleza juu ya Kilwa Kisiwani, magofu yake na msikiti wake mkuu, na bahari ambayo maji yake hayanyweki. Alishangazwa na hilo la mwisho kuliko yote.

Boti ya kurudi ilinikalisha na mama aliyezaliwa Kilwa ya Kongo. Alikuwa ananunua Kashikishi na kuuza kwao. Nilimwuliza habari za bunduki, kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimejaa bunduki, na uso wake ukabadilika. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi, chenye silaha duni, kiliingia mji wao na kuuteka karibu bila mapigano. Siku iliyofuata jeshi la Kongo liliurudisha mji. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 73 waliouawa, wengine baada ya kukamatwa. Wengi walikimbilia ziwani, kila chombo kilichoelea kikajazwa watu kuja upande huu. Kesi ya Lubumbashi iliisha mwaka 2007 bila mtu kutiwa hatiani kwa mauaji yale. Miaka kumi baadaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliona serikali ya Kongo ina hatia na kuagiza wahanga walipwe fidia.

"Watoto wachache na bunduki za kubahatisha," mama alisema, "na sisi tukalipa." Hakutaka kuongeza neno, nami sikumchokonoa. Lakini tangu hapo niliona kwa jicho lingine jinsi mzee wa Kashikishi alivyotanguliza kitabu cha kibali kabla ya gobore. Kwenye ufuo huu bunduki bila karatasi haiishii kuwa kosa la mwenye nayo. Inaweza kuvuka maji. Wakati wa vita vya Kongo wakimbizi na askari walivuka kuja Zambia, hasa Pweto ilipoanguka Desemba 2000, kule Mto Luvua unakotoka ziwani, na watu wa huku wanakumbuka.

Nilirudi kwa mzee jioni. Mjadala haukuwa umekwisha, ulikuwa umehamia kwenye sheria. Silaha za raia Zambia zinaongozwa na sheria ya mwaka 1969, na kijana alikuwa amekwisha kwenda polisi kuuliza taratibu. Kibali cha babu hakirithiwi kama jembe. Mzee akifariki, gobore linarudishwa polisi au mrithi anaomba upya kwa jina lake. Wakaniuliza kwetu ikoje, nikawaeleza sheria yetu ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, na jinsi wawindaji wa zamani wa Sikonge na Urambo wanavyolalamika kwamba siku hizi kibali kina safari ndefu kuliko mnyama. Mzee aliipenda hiyo.

Kijana aliyataja mwenyewe matatizo ya Rossi yake, na hapo nilimheshimu zaidi. Hofu yake kubwa ni kwamba ofisa akisoma kwenye fomu kwamba ni risasi ya bastola, atauliza inakwenda wapi hasa, kwa kuwa jambazi naye anaitafuta. Tena aliyemwuliza mjini alimwambia kuwa anachoweza kukipata bila kuzunguka sana ni risasi za shotgani, kipenyo cha 12, zinazotumiwa na walinzi na wakulima. Kufuata boksi la .357 Lusaka ni nauli, siku za kazi zilizopotea, na kama ni wakati wa kufungwa kwa ziwa, ni fedha ambayo haipo. Bunduki ya bei nafuu yenye risasi ya mbali, kwa hesabu hiyo, inakuwa ghali.

Nilimwambia ninavyoona. Kama nguruwe ndiye adui, shotgani ya mtutu mmoja inamtosha, haina vyuma vingi vya kushika kutu kwenye unyevu wa ziwa, na fundi yeyote anaielewa. Kwa kiboko na mamba haifai hiyo wala Rossi. Hao ni wa idara ya hifadhi ya wanyamapori, na mwenye busara anapiga simu. Hata hivyo sikumficha kwamba namwelewa. Kuna heshima katika kutaka kitu kilichotengenezwa vizuri, chenye risasi kadhaa, wakati baba yako na babu yako walipewa moja ya kushindilia. Mzee aliposikia hivyo alisema gobore lake halijawahi kumkosea, ila linamtaka mtu asiye na haraka, na vijana wa sasa wana haraka kwa sababu nguruwe pia wamekuwa na haraka.

Tulikula tena, safari hii kisamvu kilichopondwa na karanga, ambacho wao hukiita katapa, na ningekula hicho hadi leo. Mbu walipoanza, kila mtu aliingia chini ya chandarua mapema. Malaria ya Nchelenge haina mzaha, wilaya hiyo ni miongoni mwa zinazoumia zaidi Zambia.

Asubuhi kijana alinisindikiza hadi stendi. Alikuwa ameamua kuomba kibali cha shotgani ya mtutu mmoja kabla msimu wa mvua haujaanza, na babu yake atakwenda naye polisi, amebeba kitabu cha kibali chake kama ushahidi kwamba familia hii imemiliki bunduki kwa muda mrefu bila shauri lolote. Picha ya Rossi haifuti kwenye simu. Akiuza vizuri miaka miwili mfululizo, na duka la silaha likifunguliwa Mansa, ataomba tena.

"Yaya," aliniambia, kwa maana ya ndugu mkubwa, nikiwa nimekwisha panda, "huko Tabora .357 inauzwa?"

Nikamwahidi kuuliza.